Tumpitishe Stush kwa Farasi Mweupe?

Benchi letu liko mbele ya kituo cha zimamoto cha Hollister Gap, Pennsylvania, mji ambao makanisa ni mengi kuliko maduka na makaa ya mawe yaliisha kabla wajukuu wetu hawajazaliwa. Kahawa tunaichota ndani, kwenye pipa la bati la wazima moto, na kwa kuwa hakuna anayelisugua pipa hilo, kila mwaka kahawa inazidi kuwa nyeusi. Wanakijiwe wa kudumu tuko watatu. Elwood Prosser tunamwita Diwani, kwa sababu kila uchaguzi anagombea udiwani na kila uchaguzi wananchi wanamwambia hapana. Casimir Yurkonis ni Redio, maana jikoni kwake ana redio ya kunasa mazungumzo ya polisi na zimamoto, na habari ya mji huu ikimpita yeye basi haijatokea. Mimi ni Posta. Nilisambaza barua hapa mpaka magoti yakagoma. Wa nne wetu alikuwa Stush Wargo, Stush Breki, na Ijumaa ninayoisimulia nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi, kwa sababu mwenyewe alikuwa kanisani kwa Waslovakia, ndani ya sanduku, akisubiri misa ya saa nne.

— Lazima apitishwe, — Diwani akaanza, hata hajakaa. — Lazima. Hilo halina mjadala.

— Kama halina mjadala, mbona unajadili? — nikamuuliza.

— Sijadili. Naweka msimamo.

Mtu wa nje inabidi aelewe kitu kimoja. Hollister Gap maiti haendi makaburini kama mtu anayetumwa dukani. Gari la jeneza likitoka kanisani linampitisha kwanza pale alipofanyia kazi, msafara mzima nyuma yake, taa zimewashwa. Mchimba makaa anapitishwa mgodini, gari linasimama langoni, wanaume wanavua kofia, ndipo anakwenda kuzikwa. Mwalimu anapitishwa shuleni. Muuza nyama alipitishwa buchani kwake na mbwa wote wa mtaa wakamsindikiza. Sasa Stush, mgodi ulipofungwa, alipata kazi ng'ambo ya mlima, kwenye bustani ya michezo ya Hickory Glen. Huko kuna treni ya zamani ya mbao, Farasi Mweupe, inayovutwa kwa mnyororo polepole mpaka juu ya kilima cha mbao kirefu kuliko mnara wa kanisa, halafu inaachwa ijitupe chini, ipande tena, ishuke, ikate kona, huku watu waliolipa hela zao wenyewe wanapiga mayowe. Breki ya treni hiyo alikuwa Stush. Alisimama pale kituoni ameshika gongo la mti refu kama yeye, treni ikirudi analivuta kwa mwili mzima, na treni inasimama. Alifanya hivyo kila kiangazi mpaka mgongo ukakataa. Tatizo lilikuwa moja tu: kutoka kanisani kwenda makaburini ni karibu, lakini Farasi Mweupe yuko nyuma ya mlima, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, tena ukibahatika usikwame nyuma ya lori.

— Padri ana ubatizo mchana, — nikawakumbusha. — Na akina mama wako ukumbini tangu jana wanaviringisha nyama kwenye kabichi. Zitapoa.

— Kabichi ikipoa inapashwa, — akasema Redio. — Stush akipoa...

— Stush ameshapoa, Redio.

— Ndio nasema. Yeye hana haraka.

Diwani akainua kidole. — Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sasa nyinyi mnataka marehemu apite njia fupi, mji mzima umwone mwongo?

— Methali hiyo haihusu barabara, Diwani.

— Methali ni kama koti la mtumba, analivaa yule linayemtosha. Na mimi linanitosha. Halafu sikilizeni niwaambie. Mwaka juzi nilimkuta Mjerumani pale kituo cha mafuta, yeye na mkewe, wametandaza ramani juu ya gari. Wanakwenda kuona maporomoko ya Niagara. Wameacha barabara kuu, wamepinda mpaka huku kwetu, kisa Farasi Mweupe tu! Nikamuuliza, bwana, kwenu hakuna mbao?

— Akasemaje?

— Akasema mbao zipo, ila hazina mlio ule.

— Wewe Kijerumani umejua lini?

— Alisema kwa mikono. Sasa nawauliza: mtu anavuka bahari, anaacha maporomoko ya maji aliyoumba Mungu, anachepuka kwa ajili ya treni hiyo. Stush wetu ashindwe kuvuka kilima kimoja?

— Mjerumani alikuwa anaendesha mwenyewe.

— Penye miti hapana wajenzi! — Diwani akafoka, kama vile hiyo ilikuwa hoja. — Sisi miti tulikuwa nayo na tukajenga. Ile ni mali ya taifa. Kila ubao pale una historia.

— Kila ubao pale una meno yako, — akasema Redio.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Ni kweli. Diwani aliwahi kuipanda treni ile kwenye kampeni, ili apigwe picha na wananchi, na kwenye mteremko wa kwanza meno yake ya bandia ya juu yakaruka yakaenda zake. Picha ilitoka gazetini. Kura hazikutoka.

— Meno hayahusiani, — akasema Diwani.

— Yanahusiana. Unataka msafara wa mazishi uende ukakutafutie meno.

— Casimir, tuheshimiane.

— Haya, nakuheshimu. Ila mimi nina sababu nzito kuliko Wajerumani. — Redio akashusha sauti, akatazama nyuma, ingawa nyuma yetu kuna ukuta. — Usiku aliokufa Stush, redio yangu ilinasa jambo. Mlinzi wa bustani alipiga simu polisi. Anasikia mnyororo wa treni unavuta. Tak, tak, tak, tak. Bustani imefungwa, umeme umezimwa.

— Polisi wakasemaje?

— Walimwambia arudi kulala.

— Basi jibu umelipata.

— Hilo ni jibu la serikali! Serikali lini iliwahi kuelewa mbao? Mbao ina kumbukumbu, Posta. Gongo likishikwa na mkono mmoja miaka yote ile, linamjua mwenyewe. Stush akienda likizo, treni ilikuwa inagoma kusimama. Muulize yeyote.

— Stush hakuwahi kwenda likizo.

— Umeona? Ndio maana hakuna aliyewahi kuumia.

Nilikuwa natafuta namna ya kumjibu mtu wa aina hiyo ndipo Irene alipotokea kwenye kona ya benki. Irene ni mke wa Stush; bado naona taabu kusema mjane. Alivaa koti jeusi na viatu vya misa, na alikuwa anatembea taratibu kama mtu anayebeba sufuria ya mchuzi. Tulisimama wote, hata Diwani, ambaye huwa anasimama kwa ajili ya bendera tu.

— Pole sana, shemeji.

— Asanteni. Kaeni, mtamwaga kahawa.

Akakaa pale pale alipokuwa anakaa Stush. Redio akaingia ndani akamletea kikombe, naye Irene akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

— Mwenye kampuni ya mazishi ananiuliza njia, — akasema. — Dereva wake ni mgeni, hajaujua mji, anataka kuambiwa mapema. Kama tunakwenda kule ng'ambo au hatuendi. Atapita hapa sasa hivi.

— Na wewe umemwambiaje? — nikauliza.

— Nimemwambia nitawauliza nyinyi. Ndio rafiki zake.

Alisema hivyo huku anaitazama kahawa. Nimepeleka barua mlangoni kwake miaka mingi na uso wake naujua, na ule haukuwa uso wa mtu anayeomba ushauri. Alikuwa kama mtu yuko kwa daktari wa meno, anasubiri kuambiwa ni lipi linang'olewa.

— Kama hutaki, shemeji...

— Sijasema sitaki, — akanikatiza haraka. Halafu, kwa sauti ya chini: — Ila sitaki yanikute ya mama Hudock.

Hapo tukatazama viatu vyetu. Mama Hudock alikataa mumewe apitishwe mgodini kwa sababu siku ile mvua ilikuwa kubwa, akampeleka moja kwa moja kaburini. Mji ulimsema dukani, ukamsema kanisani, ukamsema saluni, mpaka akafunga nyumba akahamia kwa binti yake New Jersey. Na mahali aliposemwa kuliko kote ni kwenye benchi hili hili. Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa nakunywa kahawa.

— Mama Hudock alikosea, — akasema Diwani. — Mume amechimba makaa ujana wake wote, halafu mke unaleta habari za mvua. Mvua!

— Ilikuwa inanyesha, Elwood, — akasema Irene.

— Mvumilivu hula mbivu.

Hakuna aliyejua mbivu ipi. Irene akahamishia kikombe mkono mmoja. Kitambaa alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimekunjwa mpaka kimekuwa kama kamba.

— Basi amueni, — akasema. — Nitafanya mtakavyosema.

Ningekuwa na akili ningenyamazisha benchi pale pale. Lakini kumwambia Diwani "amua" ni kumpa paka ulinzi wa samaki. Alisimama, akafunga vifungo vya koti.

— Kusimama langoni na kuvua kofia haitoshi, — akatangaza. — Hiyo ni ya mgodi. Mgodi ukifungwa umefungwa, lakini treni iko hai. Mimi napendekeza bustani waizungushe mara moja, treni tupu, kwa heshima.

— Na nani ataivutia breki? — nikauliza.

— Hakuna! Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Inafika kituoni, inapita bila kusimama, kwa sababu Stush hayupo.

— Halafu?

— Halafu inazunguka tena.

— Mpaka lini?

Diwani akafikiri. — Mpaka ichoke.

— Treni tupu ni mkosi, — akasema Redio. — Mimi nasema apande.

— Nani apande?

— Stush.

— Redio!

— Ngojeni kwanza! Kiti cha mbele. Sanduku tunalilaza juu ya viti, tunalifunga kwa mikanda ya gari la zimamoto...

— Halitakata kona, — akasema Diwani. Kilichonitisha ni kwamba alisema kwa sauti ya fundi, si ya Mkristo.

— Basi tumtoe tumkalishe.

— Ameshakakamaa, Casimir.

— Samaki mkunje...

— Usimalizie hiyo methali! — nikapiga kelele. — Mkewe amekaa hapa!

Irene alikuwa anatazama barabara ya mlimani. Kikombe kilikuwa kimeinama na kahawa imemwagikia glavu, wala hakufuta.

— Haya, sawa, — akasema Redio, amenywea kidogo, kidogo tu. — Asizunguke. Apandishwe mpaka kileleni, aone mji, halafu tunamshusha kwa ngazi.

— Nani atambeba kwenye ngazi? Wewe, na hiyo nyonga yako ya chuma?

— Kuna gari la ngazi la zimamoto.

— Gari la ngazi liko gereji tangu Pasaka.

— Basi wale Wajerumani...

Hatukujua Wajerumani wangefanya nini, kwa sababu gari la jeneza lilipaki mbele yetu, jeusi, limeoshwa mpaka unajiona ulivyozeeka. Akashuka mama wa makamo, mnene, suti nyeusi, nywele amezifunga nyuma. Alikuwa Altagracia Peralta. Wenzake waliotoka Jamhuri ya Dominika wamejaa mji wa Hazleton siku hizi, na wengine wanapanda huku kwetu kwa sababu nyumba ni za bei nafuu. Wiki hiyo ndiyo alikuwa ameanza kazi ya kuendesha maiti.

— Hamjambo. Poleni na msiba, — akasema. Akampa Irene mkono kwanza, ndipo sisi. — Nimeambiwa njia inaamuliwa hapa.

Tukaanza kuongea wote kwa pamoja. Diwani akampa historia ya treni, akampa mali ya taifa, akampa Mjerumani na mkewe na ramani. Redio akampa mnyororo unaovuta wenyewe usiku. Mimi, nakiri, nikatia neno kuhusu kabichi. Yule mama alisikiliza kila kitu, ameegemea gari, hana papara.

— Sawa, nimeelewa, — akasema tulipoishiwa pumzi. — Mlima nitapanda, mafuta ninayo. Ila nina swali.

— Uliza, dada.

— Marehemu alikuwa anaipenda hiyo treni?

Redio akasogeza kofia kichwani.

— Alifanya kazi pale tangu mgodi... — akaanza Diwani.

— Sijauliza alifanya kazi wapi, mzee wangu. Mimi kabla ya hapa nilikuwa nafunga nyama kiwandani, miaka kumi na miwili, baridi mpaka kwenye mifupa. Nikifa, mtu akinipitisha kwenye lango la kile kiwanda, naamka nimtandike. Nauliza, alikuwa anaipenda?

Nikajaribu kukumbuka. Nimekaa na Stush benchi moja nusu ya maisha yangu. Tumeongea nyanya, tumeongea besiboli, tumeongea mawe ya figo. Kila jioni ya kiangazi akishuka kwenye basi tulikuwa tunamuuliza, vipi kazini? Naye alikuwa anajibu neno moja: "Imesimama." Halafu anauliza habari za nyanya. Miaka yote hiyo hatukumuuliza la pili. Nikamtazama Diwani, akatazama pembeni.

Halafu Irene akatoa sauti. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, mabega yanaruka.

— Alikuwa haipendi! — akasema. — Jamani, alikuwa haipendi hata chembe!

— Shemeji... — akasema Diwani.

— Alipanda mara moja tu, Elwood. Mara moja! Kiangazi cha kwanza. Akashuka akashika uzio, nikaja kumfuata jioni nikamkuta bado ameshika uzio. Akaniambia, Irene, nimetoka chini ya ardhi mzima, sikuja huku juu kufa kwa tiketi.

— Lakini alikaa miaka yote!

— Watoto walitaka viatu. Kulikuwa na kazi gani nyingine? Mlikuwepo, mnajua. — Akajifuta macho kwa ile kamba ya kitambaa. — Alikuwa anaziba masikio kwa pamba. Saa ya ukutani niliiondoa nyumbani, alikuwa hawezi kulala kwa ule mlio wake, tak, tak. Bustani ikifungwa mwezi wa tisa alikuwa analala mpaka jua kali, na mimi nawafukuza watoto wasimwamshe. Kitu kimoja tu alikuwa anapenda kule.

— Kipi? — akauliza Redio, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua.

— Watu wakishuka. Miguu inawatetemeka, wanacheka, wanashikana. Alikuwa anasema, leo wameshuka wazima wote. Hilo alikuja nalo nyumbani. Treni yenyewe wangeichanja kuni asingepepesa jicho. — Akavuta pumzi ndefu. — Tangu Jumanne silali. Nikikataa, nitasemwa kwamba sikumheshimu mume wangu. Nikikubali, ninampeleka mahali alipokuwa anahesabu siku za kutoka. Nikasema, nitawauliza rafiki zake, labda wao watanizuia. Na nyinyi mnataka kumkalisha kiti cha mbele!

Aibu iliyonishika naijua mimi. Redio aligeuka rangi ya kabichi.

— Shemeji, mimi nakuelewa, — akasema Diwani, akitafuta pa kukanyaga. — Ila watu watasema.

— Watu gani?

Diwani akatazama kushoto, akatazama kulia. Mtaa ulikuwa mtupu.

— Sisi, — nikamsaidia.

— Basi semeni sasa hivi, — akasema Irene. — Nipo hapa, nasikia.

Altagracia alikuwa anasafisha kioo cha gari ambacho tayari kilikuwa safi.

Kisha Redio akaongea, bila kumtazama mtu. — Baba yangu tulimpitisha mgodini.

— Nakumbuka, — nikasema.

— Vumbi la makaa lilimla mapafu. Alikohoa mpaka akafa. Mama alikuwa anatandika magazeti chini ya kitanda, kwa ajili ya yale meusi aliyokuwa anatema. Na sisi tukamrudisha pale. Tukasimamisha gari langoni, padri akaomba, tukavua kofia. — Akavua kofia aliyokuwa nayo kichwani akaitazama. — Tuliuvulia kofia ule mgodi, Posta. Mgodi!

Diwani akamwekea mkono begani, na hakusema methali yoyote.

— Mlikuwa hamjui, Casimir, — akasema Irene. — Na mama yako hakuna aliyemuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye msafara ule na sikumuuliza.

Kengele ya kanisa ikagonga ya kwanza, na ni ajabu, lakini nilijisikia mwepesi. Nafikiri wote tulijisikia hivyo. Irene alikuwa ameachia kitambaa, kikafunguka mapajani mwake. Kwa mara ya kwanza akainua kikombe akanywa.

— Hii ni sumu! — akasema. — Stush alikuwa anakunywa kitu hiki?

— Vikombe vitatu, — nikasema.

— Nyumbani aliniambia daktari amemkataza kahawa! Mwongo mkubwa!

— Ndio maana nilisema njia ya mwongo ni fupi, — akasema Diwani, na safari hii methali ikamkaa sawasawa, na Irene akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Stush alipolazwa.

— Na mimi mkinizika, — Diwani akaendelea, amepata nguvu, — msinipitishe kwenye ukumbi wa halmashauri.

— Hukuwahi kufanya kazi pale.

— Ndio nasema. Msinipitishe.

— Na wewe, Posta? — akauliza Redio. — Ulikuwa unapenda kupeleka barua?

— Barua nilikuwa napenda. Mbwa sikuwapenda.

Altagracia akaangalia saa yake, akakunja kile kitambaa cha vioo.

— Kwa hiyo, treni yenyewe haifai kuchepukiwa, — akasema. — Nami nilikuwa nimeshaanza kuitamani.

— Nani amesema haifai? — Irene akashtuka. — Inafaa sana, mwanangu. Inafaa hata kutoka Ujerumani. Nenda Jumapili kabla hawajafunga msimu, kaa kiti cha mbele, upige mayowe mpaka sauti ikauke. Ukishuka utawapenda hata usiowajua. Aliye hai na achepuke. Maiti anakwenda kupiga mayowe na nani?

— Basi Jumapili naenda na dada yangu. Na leo moja kwa moja makaburini.

— Moja kwa moja.

Alisema neno hilo kama mtu anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Altagracia akafungua mlango wa gari, halafu akasita.

— Samahani, mama. Hakuna hata mahali pamoja alipokuwa anapapenda? Maana mafuta ninayo, na hawa wazee wameshafunga tai.

Irene akafikiri. — Barazani kwetu, — akasema. — Ile nyumba ya kijani, Mtaa wa Walnut. Jioni alikuwa anakaa pale, miguu juu ya ukuta, haongei na mtu. Nikimwita kula anasema, dakika moja. Kila siku dakika moja.

— Mtaa wa Walnut si ndio huu wa kwenda makaburini?

— Ndio huo huo.

— Basi hapo hatuchepuki, mama. Hapo ni njiani.

Irene akanipa kikombe, akasimama, akanyoosha koti lake jeusi.

— Ni njiani, — akasema. — Ila ukifika, punguza mwendo kidogo. Viatu vyake bado viko pale nje, sijapata moyo wa kuviingiza ndani.